Elimu ya Ulimi: Watoto Wachanga na Jiko la Kituo

Miongoni mwa mambo yote ambayo binadamu hujifunza kabla hajaweza kutamka jina lake sawasawa, hakuna linalorudiwa kila siku kama kula, wala hakuna ambalo wakubwa hulidhania kuwa halihitaji mwalimu kama hilo. Mtoto akichelewa kutembea hushikwa mkono. Akichelewa kusema huzungumzishwa asubuhi na jioni. Lakini akigeuza uso mbele ya kijiko cha mchicha, aghalabu husemwa kwamba ndiyo tabia yake, hapendi mboga, na sahani ikaondolewa isirudi tena. Nia ya makala haya ni kueleza kwamba ulimi nao husomeshwa, kwamba masomo yake yana kanuni zilizochunguzwa na wataalamu, na kwamba mahali pazuri pa kuyatoa, baada ya mapaja ya mama, ni katika vituo vya kulelea watoto mchana, ambako wazazi wa mijini huwaacha wana wao wakati wanapokwenda kutafuta riziki.

Mtoto anayefikishwa kituoni jua linapochomoza na kuchukuliwa baada ya alasiri hunywa huko uji wake, hula huko chakula chake cha mchana, na pengine hupata huko kitafunio cha mwisho kabla ya kurudi kwao. Kwa hiyo jiko la kituo, tutake tusitake, lina sehemu kubwa katika mapenzi na machukio yake ya chakula. Jiko hilo likifungiwa nyuma ya nyumba, likatoa kila siku uji uleule asubuhi na wali na maharage yaleyale mchana, mtoto atashiba, lakini ulimi wake utabaki bila kusomeshwa. Likifunguliwa, na vitu vyake vikafika mikononi mwa watoto kabla ya kufika vinywani mwao, litakuwa darasa ambalo halina mfano wake kwa umri huo.

Yafaa tuanze na maumbile, maana mlezi asiyeyajua hugombana na jambo ambalo si kosa la mtu. Mtoto huzaliwa akiwa ameelekea tayari upande mmoja: tone la kitu kitamu likimgusa ulimini, uso hulegea na midomo hunyonya, likimgusa tone chungu, uso hukunjamana na ulimi husukuma nje. Hekima ya tabia hiyo haikufichika, kwa kuwa maziwa ya mama ni matamu, hali vitu vichungu vingi vya mwituni vina sumu. Hata hivyo mtoto haji duniani akiwa mgeni kabisa wa vyakula vya kwao. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walichapisha habari za kina mama waliokunywa maji ya karoti katika miezi ya mwisho ya uja uzito au katika miezi ya mwanzo ya kunyonyesha. Watoto wao, walipolishwa kwa mara ya kwanza uji uliotiwa ladha ya karoti, hawakukunja nyuso kama walivyokunja wale ambao mama zao walikunywa maji matupu. Ladha ya chakula cha mama hupita katika maji yanayomzunguka mtoto tumboni, kisha hupita katika maziwa, na mtoto huikumbuka.

Baada ya miezi sita ya kunyonya, ambapo Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto aanze kupewa chakula pamoja na maziwa ya mama, huja kipindi cha ukunjufu: mtoto wa miezi saba au minane hukubali vitu vingi kwa urahisi, na kumwonjesha wakati huo papai, kunde zilizopondwa, kiini cha yai au samaki aliyetolewa miiba vizuri ni kazi ya raha. Ndipo inapofika takriban mwaka wa pili, mtoto ametembea na kuanza kwenda mwenyewe mbali na mkono wa mama, akaingiwa na hadhari ya kila kitu asichokijua. Wataalamu wengi huiona hadhari hiyo kuwa ni ngao ya maumbile, kwa sababu mtoto anayetembea peke yake na kutia mdomoni kila jani aliokotalo angeweza kuangamia. Udongo uwahi ungali maji, walisema wazee. Naye mlezi aliyetumia vizuri miezi ile ya ukunjufu atakuwa na kazi nyepesi zaidi inapokuja miezi ya hofu.

Hofu hiyo ina dawa, na dawa yenyewe haiuzwi dukani. Leann Birch, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza ulaji wa watoto, alichapisha mwaka 1982 pamoja na mwenzake uchunguzi wa watoto wa miaka miwili walioonjeshwa vyakula wasivyovijua, vingine mara 2 tu, vingine mara 5, vingine 10, 15 au 20. Na kadiri kitu kilivyoonjwa mara nyingi, ndivyo watoto walivyozidi kukichagua wenyewe. Uchunguzi wake wa baadaye ukaongeza sharti moja zito, nalo ni kwamba kutazama peke yake hakumfanyi mtoto aipende ladha ya kitu: lazima kifike ulimini, ijapokuwa kwa kiasi cha ncha ya kijiko. Basi mlezi anayekata tamaa mara ya tatu huiacha kazi wakati ambapo haijaanza kuzaa matunda, na mtoto hupewa jina la mteuzi ambalo hakulistahili.

Kurudia huko hakuna maana ya kulazimisha. Kumshika mtoto taya na kumwingizia kijiko, au kumwambia kwamba hatapata biskuti mpaka amalize mboga, ni njia mbili ambazo wengi wetu tulilelewa nazo na ambazo huvunja kile kinachojengwa. Birch na wenzake walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto waliopewa tuzo ili wanywe kinywaji fulani walikipenda kinywaji hicho kidogo kuliko walivyokipenda mwanzo, kana kwamba kile kinacholipiwa ujira ndicho kibaya. Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa nchi hiyohiyo, aliliweka jambo hili katika mgawanyo wa madaraka ambao kila mlezi aweza kuuhifadhi kwa moyo: mtu mzima huamua chakula gani kiletwe, saa ngapi na mahali gani, mtoto huamua kama atakula na atakula kiasi gani. Katika mgawanyo huo mlezi hajapoteza heshima yake wala mtoto hajawa sultani wa nyumba, maana kila mmoja ana mpaka wake.

Mtu aweza kuuliza kama mtoto asiyejua kusema aweza kuaminiwa kwa amana kubwa namna hiyo. Suala hilo lilimshughulisha daktari wa watoto Clara Davis, ambaye kuanzia mwaka 1926, kwanza Cleveland na baadaye Chicago, aliwaacha watoto waliotoka tu kuachishwa ziwa wajichagulie chakula chao wenyewe. Alipotoa habari za watoto 15 mwaka 1939, alieleza kwamba katika orodha yake mlikuwamo vyakula 34 vya asili, nyama, samaki, mayai, nafaka, maziwa, matunda na mboga, pasipo sukari wala vyakula vya makopo. Muuguzi alikaa kimya na kijiko mkononi, hakusogeza kitu mpaka mtoto akinyoshee mkono, wala hakusifu wala hakulaumu. Walaji hao wadogo walichanganya vitu kwa namna ambazo zingemshangaza mpishi yeyote, lakini walikua wakiwa na afya njema. Davis mwenyewe aliwaonya wasomaji wake wasidhani kwamba mtoto ana elimu ya siri: siri ilikuwa katika orodha, kwani hapakuwa na kitu kibaya cha kuchagua. Kituo kinachoweka mezani peremende na soda, kisha kikashangaa kwamba mtoto hakuchagua papai, kimeisahau nusu ya pili ya fundisho hilo.

Sasa natutoke katika vitabu tuingie jikoni, tutazame darasa la watoto wa miaka miwili na mitatu likikabili boga. Boga huletwa zima, likawekwa katikati ya jamvi, na watoto watano au sita, mikono imekwisha kuoshwa kwa sabuni na maji yanayomiminika, huketi kulizunguka. Mlezi haanzi kwa hotuba; husema tu, "Lipige, baba, tusikie linasemaje," na kila mmoja hubisha kwa kiganja chake. "Haya, mama, jaribu kulinyanyua." Halinyanyuki, nao hucheka. Kisha mlezi huondoka nalo kando, hulipasua mwenyewe mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, na kurudi na vipande viwili vilivyo wazi, rangi ya machungwa iliyokoza, vikitoa ile harufu ya ubichi. Mmoja huingiza mkono mzima katika nyuzi na mbegu. Mwingine hugusa kwa ncha ya kidole na kukirudisha upesi. Wa tatu hukaa nyuma ya mgongo wa mlezi akichungulia, na huyo asivutwe, kwa sababu naye yumo darasani. Mbegu hutupwa katika bakuli la maji, nazo huelea, na kuziokota zikiteleza vidoleni kwaweza kuwashughulisha hata wale ambao kwa kawaida hawatulii.

Wakati boga liko motoni, nazi iliyokwisha kukunwa huwekwa katika beseni na maji ya vuguvugu, na watoto huikamua kwa mikono yao mpaka maji yabadilike kuwa meupe. Ni kazi isiyohitaji kisu wala moto, nayo huonyesha jambo ambalo hakuna maelezo yangeweza kulionyesha, kwamba tui linalotiwa chakulani limetoka katika kitu kigumu ambacho mtoto amekishika. Mlezi hulichuja kwa kifumbu, chicha hubaki, kila mmoja akapewa chembe aonje. Iliki mbili tatu hutwangwa katika kinu kidogo, nacho hupitishwa puani kwa kila mtoto. Hivyo boga lililoungwa kwa tui linapofika mezani likiwa vuguvugu, vipande visivyozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, halifiki likiwa mgeni: limekwisha kupigwa, kunuswa, kuchafua mikono na kusubiriwa. Mlezi hula kwanza mbele yao, akieleza kwa maneno machache kile akionjacho, kwamba ni laini, kwamba lina moto kidogo, kwamba nazi imelainisha utamu wake. Mmoja atakula na kuomba tena, mwingine atalamba, mwingine atatia mdomoni na kutema katika kitambaa kilichowekwa kwa kazi hiyo, wala hatakemewa, kwani aliyetema amekwisha kuonja, nayo ni mara moja katika hesabu yake. Juma lijalo boga litarudi, pengine limepondwa katika uji, na baada yake litarudi tena.

Mpango kama huo waweza kufuatwa na chakula chochote cha msimu. Mchicha huchambuliwa jani kwa jani. Ndizi mbivu humenywa na vidole vya mtoto mwenyewe. Mbaazi mbichi hutolewa maganda yake. Ukwaju huloweshwa na kuminywa, na ukali wake hukunja nyuso za wote pamoja na mlezi. Hapo ndipo watoto hupata maneno ya ladha, tamu, chungu, chachu, yenye ukakasi, nao huyapata ladha yenyewe ikiwa bado iko mdomoni. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hawezi kazi hizi, lakini hushikishwa kipande laini cha kiazi kitamu au cha papai akiminye na kukilamba apendavyo, na hukalishwa karibu na wakubwa zake awatazame wakila, maana watoto hujaribu upesi zaidi kile wanachowaona wenzao wanakila.

Nchi nyingine zimekwisha kulitambua jambo hili na kulifanya sehemu ya nidhamu ya malezi. Katika mji wa Reggio Emilia, Italia, ambako mara baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia wazazi walijenga shule ya watoto kwa fedha zilizotokana na mauzo ya kifaru, magari na farasi vilivyoachwa na majeshi, na ambako vituo vya watoto wachanga vya manispaa vilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, jiko halifichwi. Limo ndani ya maisha ya kituo, watoto huliona na kuliingia, na mpishi huhesabiwa miongoni mwa walezi. Ujapani ilitunga mwaka 2005 sheria ya msingi ya elimu ya chakula, na katika vituo vyake vya watoto ni desturi ya kawaida kuwaona wadogo wakipanda mboga, wakizimenya na kuzikuta tena sahanini. Mataifa hayo hayakuwa na haja ya kuigana. Kila moja lilianza na vyakula vyake na desturi zake.

Nasi tuna haja kubwa kuliko wao. Takwimu za taifa la Tanzania za mwaka 2022 zilionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na kwamba mikoa iliyoathirika zaidi ni pamoja na Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa ambayo ghala zake hulisha mikoa mingine. Sababu za udumavu ni nyingi, maradhi na maji machafu yakiwamo, lakini mojawapo hatuwezi kuikimbia: tumbo laweza kujazwa kwa mahindi peke yake, na mwili ukabaki na njaa. Shirika la Afya Duniani hugawa vyakula vya mtoto wa miezi 6 hadi 23 katika makundi 8, likianza na maziwa ya mama, kisha nafaka na mizizi, kunde na karanga, maziwa ya wanyama, nyama na samaki, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, na mboga na matunda mengine, na hutaka mtoto apate angalau makundi 5 kila siku. Kwa yule anayeishi kwa uji wa mahindi na sukari, kupata matano ni ndoto. Kwa yule anyonyaye bado, akaongezewa dagaa waliosagwa, kunde, matembele na kipande cha embe, ni jambo la siku ya kawaida. Ila kuvipata vyakula hivyo sokoni hakutoshi ikiwa mtoto atavikataa, na ndiyo sababu lishe na mafunzo haviwezi kutenganishwa. Programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, imeviweka viwili hivyo katika mpango mmoja. Kilichobaki ni kuvikutanisha jikoni.

Kwa kuwa walaji wenyewe ni wadogo, hadhari haina budi kushika nafasi ya mbele. Moto, kisu na maji yanayochemka ni vya mtu mzima peke yake, na ni lazima awepo mlezi mmoja ambaye kazi yake ni watoto tu wakati mwenziwe akipika. Karanga nzima, korosho nzima, punje za bisi, vipande vigumu vya karoti mbichi na matunda yenye kokwa, kama vile zambarau, visifike kinywani mwa mtoto mdogo, kwa kuwa humpalia na kuziba pumzi. Karanga zipondwe ziwe laini, karoti ipikwe, kokwa itolewe. Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza miezi 12, kwa sababu yaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ambayo utumbo wa mtoto hauwezi kushindana nayo. Kisamvu kitwangwe na kipikwe mpaka kiive kabisa. Chumvi na sukari za kuongeza zipungue kadiri iwezekanavyo. Kila mtoto ale akiwa ameketi. Na kabla ya chakula kipya kuletwa, mzazi aulizwe kama mwanawe amewahi kudhuriwa na mayai, maziwa, samaki au karanga, na kama kuna kitu ambacho dini au desturi yao hukikataza.

Najua pingamizi zitakazotolewa: walezi ni wachache, watoto ni wengi, fedha hazitoshi, na boga mikononi mwa watoto huacha sakafu ya kufagiwa. Pingamizi hizo ni za haki, lakini hazina nguvu ya kuzuia. Onjo la mtoto mmoja ni kijiko kimoja, na boga moja la sokoni hutosha darasa zima. Mchicha uliopandwa katika gunia nyuma ya kituo huchumwa baada ya majuma matatu au manne. Na siku moja ya jiko kwa juma, kwa kikundi kidogo kwa zamu, haiangushi ratiba ya mtu. Hata uchafu wa sakafuni ni thamani ndogo kulipia mtoto anayenyosha mkono mwenyewe kuchukua kipande cha boga ambacho juma lililopita alikitema.

Wazazi nao wasiachwe nje ya mlango. Mama anayemchukua mwanawe jioni, akaambiwa, "Bi mkubwa, leo ameonja bamia, hakuzipenda, tutajaribu tena Jumatatu, nawe ukipika mwonjeshe kidogo," amepewa habari inayofaa kuliko kuambiwa tu kwamba mtoto amekula vizuri, kwa kuwa nyumba na kituo vikionjesha kitu kimoja hesabu ya maonjo hutimia upesi, na bibi wa nyumbani ajuaye kupika mbaazi za nazi au mseto wa choroko aweza kualikwa kituoni awe mwalimu wa siku moja.

Ikiwa kuna badiliko moja la kuanzia, basi liwe la mpishi. Katika vituo vingi yeye ni mtu wa nyuma, hulipwa kidogo, hahudhurii mikutano ya walezi wala hajui majina ya watoto anaowalisha kila siku. Aitwe mezani, aketi nao wakati wa kula, afundishwe kanuni hizi chache za kurudia bila kulazimisha, apewe sauti katika kupanga chakula cha juma, na ujira wake ulingane na amana aliyokabidhiwa, kwa sababu katika miaka mitatu ya kwanza ya maisha hakuna mtumishi wa kituo ambaye kazi yake huingia mwilini mwa mtoto na kukaa humo kama kazi ya mpishi.